Kitanda cha Mtoto Mchanga Ubavuni mwa Mama

Kitanda cha kando ni kijitanda cha mtoto mchanga kinachosimama ubavuni mwa kitanda cha mama na kufungwa kwacho, upande unaowakutanisha ukiwa mfupi kuliko pande nyingine. Mama akinyoosha mkono anamfikia mtoto, anamchukua, anamnyonyesha, kisha anamrudisha mahali pake bila kushuka kitandani. Hata hivyo kila mmoja ana godoro lake. Blanketi la wazazi halifiki usoni mwa mtoto, wala mtoto hawezi kulaliwa na mtu mzima aliyezama usingizini. Kijitanda hiki hutumika tangu siku mtoto anapoletwa nyumbani mpaka anapokaribia miezi 6, au mapema zaidi akianza kujiinua kwa mikono.

Vitanda vya kiwandani, vyenye fremu ya chuma na kuta za wavu, vimebuniwa kwa nyumba ambayo wazazi wana chumba chao cha kulala. Katika makazi ya Longonot, Karagita na Kihoto, upande wa Naivasha nchini Kenya, hali ni nyingine. Familia nyingi za wafanyakazi wa mashamba ya maua na za wachuuzi hupanga chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu kuna kitanda cha futi 4 kwa 6. Upande ule kuna viti, meko, mitungi ya maji na meza ya televisheni. Usiku nao ni wa baridi. Longonot na Naivasha ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye kimo cha mita 2,776, na kati ya Juni na Agosti joto la alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto anayeletwa chumbani humo anakuta nafasi finyu, blanketi nzito na jiko la makaa. Kitanda kinachomfaa ni kile kilichofikiriwa pamoja na mambo hayo matatu, na seremala wa mtaani anaweza kukiunda vizuri kabisa mradi aelezwe vipimo na sababu zake.

Kumweka mtoto karibu na mama si jambo ambalo watu wa Bonde la Ufa wanahitaji kufundishwa. Katika enkaji, nyumba ya Wamaasai wa upande wa Suswa, mama hulala na watoto wadogo juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa kwenye fito. Kwa Wakikuyu mtoto alilala na mamake usiku, na mchana akabebwa mgongoni kwa mbeleko iitwayo ngoi. Kuhusu ukaribu huo madaktari wa leo wanakubaliana na wazee. Mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, ulioanzishwa na WHO na UNICEF mwaka 1991, unataka mama na mtoto wakae chumba kimoja saa 24. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka hospitali moja ya Newcastle, Uingereza, uliwalinganisha watoto waliolazwa kitandani na mama, waliolazwa katika vijitanda vilivyoshikizwa kwenye kitanda cha mama, na waliolazwa katika vijitanda vilivyosimama peke yake. Makundi mawili ya kwanza yalinyonya mara nyingi zaidi kuliko la tatu. Kijitanda cha kando kilimpa mtoto faida ya kuwa karibu na titi bila kumweka juu ya godoro la mtu mzima.

Kilichobadilika tangu enzi za wazee ni kitanda chenyewe. Ngozi iliyokaushwa na kuwambwa juu ya fito ni ngumu na bapa. Godoro la sponji lililotumika miaka kadhaa hubonyea katikati, likawa na mwinamo unaomviringisha mtoto kuelekea mwili mzito ulio karibu naye. Juu yake kuna mito miwili, duveti au blanketi la Kijapani lenye uzito wa kilo kadhaa, baba na pengine mtoto wa pili. Desturi ni ileile lakini mtoto analala mahali tofauti kabisa.

Hatari inayohofiwa zaidi ni kifo cha ghafla cha usingizini, ambapo mtoto aliyeonekana mzima hukutwa amekufa bila chanzo kujulikana hata baada ya uchunguzi. Vifo hivyo, pamoja na vile vya kukosa hewa kwa kufunikwa au kubanwa, hutokea zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na takriban asilimia 90 hutokea kabla ya miezi 6. Sababu haijaeleweka yote, ila mambo yanayoiongeza hatari yanajulikana vizuri. Kubwa ni kulala kifudifudi. Mtoto aliyelala na uso chini, au uso ukiwa umezama kwenye kitu laini, huvuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe, yenye kaboni dioksidi nyingi na oksijeni kidogo. Mtu mzima angeshtuka na kugeuza kichwa. Mtoto wa miezi 2 huenda asishtuke, na akishtuka huenda shingo yake isiwe na nguvu za kutosha. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani ikafuata mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu au zaidi katika miaka iliyofuata. Ni mara chache tiba ya watoto imepata mafanikio makubwa namna hiyo bila dawa wala chanjo, kwa kubadilisha tu jinsi mtoto anavyowekwa kitandani.

Shosho wengi hawafurahii ushauri huo, na hofu yao ina mantiki: mtoto akicheua maziwa akiwa chali, si atapaliwa? Jibu liko kwenye maumbile. Mtoto akilala chali, bomba la hewa huwa juu na umio huwa chini yake. Maziwa yanayorudi kutoka tumboni hulazimika kupanda ili yaingie kwenye bomba la hewa, na kabla ya hapo mtoto humeza au hukohoa. Akigeuzwa kifudifudi, umio huwa juu na maziwa huteremka kwa urahisi kuelekea njia ya hewa. Kumlaza ubavu hakusaidii, maana kutoka ubavu hadi kifudifudi ni mzunguko mdogo sana. Hofu ya pili, ya kisogo kuwa bapa, hutulizwa kwa kumweka mtoto kwa tumbo mchana akiwa macho na mtu akimwangalia, mara kadhaa kwa dakika chache, na kwa kubadilisha upande anaogeuzia kichwa.

Kulala kitanda kimoja na mtoto hakuna hatari sawa kwa kila nyumba. Hatari hupanda sana mzazi yeyote akiwa amekunywa pombe, ametumia dawa inayosinzisha au anavuta sigara, na pia mtoto akiwa alizaliwa kabla ya wiki 37 au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5. Mahali pabaya kuliko pote ni kochi. Mama aliyechoka akinyonyesha kwenye kochi usiku husinzia, mtoto akateleza kati ya mwili wake na egemeo. Mama anayehisi usingizi unamzidi ni afadhali anyonyeshe kitandani, mito na blanketi vikiwa vimesogezwa mbali, kuliko kwenye kochi, na akiamka amrudishe mtoto kwake. Kitanda cha kando kinafaa hapo hasa, kwa kuwa kumrudisha mtoto ni kazi ya mkono mmoja. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye kila kuinuka kunamuuma mshono, ni nafuu kubwa.

Katika kukichagua, la kwanza kutazama ni uso wa kulalia. Uwe bapa kabisa na mgumu. Kuna wazazi wanaoinua kichwa cha godoro kwa kuweka blanketi chini yake ili mtoto asicheue. Mwinamo hauzuii kucheua, ila humfanya mtoto ateleze na kidevu chake kishuke kifuani, na njia ya hewa ya mtoto mchanga, nyembamba na laini, hubanwa kwa mkunjo huo. Marekani ilijifunza hayo kwa gharama ya maisha: mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni kitanda chake cha mwinamo, Rock 'n Play, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30, na mwaka 2022 sheria ikapiga marufuku vitanda vyote vya watoto vyenye mwinamo unaozidi digrii 10. Vitu vya namna hiyo havipotei duniani kwa sababu vimekatazwa nchi moja. Huweza kufika Afrika Mashariki vikiwa mitumba, na mnunuzi anayevikuta sokoni avipite, hata vikiwa safi na bei ikiwa ya kuvutia.

Godoro la mtoto lipimwe kwa kiganja. Likibonyezwa lirudi mara moja, na alama ya mkono isibaki. Sponji ya unene wa sentimita 5, yaani inchi 2, inatosha ikiwa ni ile nzito. Mafundi wa viti mjini Naivasha na Nakuru hukata sponji kwa kipimo chochote, na aagizwe ile ya uzito mkubwa, si vipande vya masalio vilivyoshonwa pamoja. Likiwekwa kitandani lijae kona hadi kona. Vidole viwili vikipita kati yake na ukingo, ni dogo. Shuka liwe moja, lenye lastiki, lililovutwa likabana. Kama kuna haja ya kuzuia mkojo, kitambaa kisichopitisha maji kiwe chini ya shuka, na mfuko wa nailoni usitumike kamwe.

Juu ya shuka hilo kuwe na mtoto tu. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote kwa familia kulikubali, kwa sababu kitanda kitupu kinaonekana kama umaskini, na watu wa ukoo wakija kumwona mtoto huleta mito midogo, wanasesere na blanketi. Wasafiri wanaoteremka ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu wanazijua ngozi za kondoo zilizotundikwa kando ya barabara, nyeupe na nene, zikiuzwa karibu na sehemu za kutazamia mandhari. Baadhi hununuliwa kama zawadi ya mtoto, na hakuna anayenunua kwa nia mbaya. Lakini manyoya marefu chini ya uso wa mtoto ni mahali pa kuzama pua, na madaktari wa watoto huzitaja ngozi hizo kwa jina miongoni mwa vitu visivyofaa kitandani. Ngozi hiyo itandikwe sakafuni, mtoto aichezee akiwa macho na mama yuko karibu. Mito mirefu inayozungushwa ndani ya kuta za kitanda ili mtoto asigonge kichwa nayo iondolewe. Marekani iliipiga marufuku kwa sheria ileile ya mwaka 2022.

Kisha kuna kuta. Zikiwa za fito za mbao, mwanya kati ya fito na fito usizidi sentimita 6, ili kiwiliwili cha mtoto kisipite na kichwa kikabaki kimenaswa. Kipimo rahisi ni kopo la soda la kawaida, lenye upana wa takriban sentimita 6.6: likipita kati ya fito mbili, mwanya ni mpana mno. Zikiwa za wavu, matundu yawe madogo kuliko kidole cha mtoto na wavu usiwe umechanika popote. Ukuta wa plaiwudi uliozibwa wote ni rahisi kutengeneza, lakini hauruhusu hewa kupita wala mama kumwona mtoto akiwa amelala, kwa hiyo fito ni bora.

Sehemu inayotofautisha kitanda cha kando na vingine ni pale kinapokutana na kitanda cha wazazi, na hapo ndipo seremala anapohitaji kuwa makini. Kiwango cha Ulaya cha mwaka 2019 kinataka upande wa mama, hata ukishushwa, ubaki na kizuizi cha angalau sentimita 12 juu ya godoro la mtoto, ili asijiviringishe kwenda kitanda kikubwa. Ncha ya kizuizi hicho iwe sawa na uso wa godoro la mama. Basi kazi huanza kwa kupima kitanda kilichopo, si kwa kununua mbao. Mama aketi kitandani ili godoro libonyee kama linavyobonyea usiku, kisha fundi apime kutoka sakafuni hadi uso wa godoro. Tuseme amepata sentimita 60. Akitoa 12 za kizuizi, uso wa godoro la mtoto utakuwa kwenye 48. Akitoa 5 za unene wa godoro hilo, mbao za chini zitapigiliwa kwenye 43. Kuta tatu zilizobaki zipande angalau sentimita 30 juu ya godoro. Kwa urefu wa sentimita 90 na upana wa 50, kijitanda kinaenea hata katika chumba cha futi 10, ubavuni mwa kitanda, mahali ambapo pengine palikuwa na kiti kimoja.

Vipimo hivyo haviazimwi kutoka kwa jirani. Mwenye kitanda cha chuma na godoro la inchi 6 hawezi kutumia kijitanda kilichoundwa kwa mwenye kitanda cha mbao na godoro la inchi 10. Wazazi wakibadilisha godoro, kijitanda kinahitaji kupimwa upya.

Mwanya kati ya vitanda viwili ndio unaoua. Kijitanda kisisogezwe tu kikaachwa hapo. Mikanda miwili imara ipitishwe chini ya godoro la wazazi hadi fremu ya upande wa pili, ikazwe na kufungwa kwa bizimu, na mafundo yawe mbali na mtoto. Baada ya kukaza, mama apande, ageuke mara kadhaa, ashuke na kupanda tena, kisha atazame: kidole kisiweze kuingia kati ya godoro lake na kijitanda. Mwanya ukijitokeza usizibwe kwa leso au mto, kwa kuwa kilichozibwa kwa nguo hufunguka usiku. Mikanda ikazwe upya. Sakafu za udongo na za saruji iliyopasuka hufanya miguu icheze, na mguu unaocheza hulegeza mikanda. Kipande cha mbao kipigiliwe kwenye mguu mfupi, kisiwekwe jiwe.

Mbao kwa kawaida ni za saiprasi kutoka upande wa Elburgon na Molo, au mikaratusi ya mashambani. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018, ilipandisha bei ya mbao, na mafundi wakazoea kununua mbao mbichi. Kwa kabati la vyombo huenda isiwe hoja. Kwa kitanda cha mtoto ni hoja, kwa sababu mbao mbichi hujipinda zikikauka, na mwanya wa sentimita 6 mwezi wa kwanza ukawa wa 7 mwezi wa tatu. Mkaratusi hasa hupasuka na kutoa vibanzi. Mbao ziwe kavu, zipigwe msasa kila upande pamoja na kingo za ndani, na viungo vikazwe kwa skrubu na bolti badala ya misumari inayochomoka. Rangi si lazima. Zipo rangi zenye risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo. Kenya imeweka kikomo cha risasi cha sehemu 90 kwa milioni katika rangi, hivyo anayetaka kupaka achague kopo lenye alama ya ubora ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, na aache rangi au vanishi ikauke wiki kadhaa, harufu iishe, kabla mtoto hajalazwa. Kwa hiyo fundi apewe kazi mapema, mimba ikiwa ya miezi 6 au 7, kabla mama hajawa mzito na fedha hazijaelekezwa hospitalini.

Anayenunua kilichotumika ana uchunguzi wake. Skrubu zote ziwepo, fito zisicheze, na kitanda kisiwe na upande wa kuteremka na kupanda kwa reli, mtindo ambao Marekani iliupiga marufuku mwaka 2011 kwa kuwa reli zilikuwa zikichomoka na kuwanasa watoto. Kunguni hujificha kwenye matundu ya skrubu na maungio, hivyo kitanda kifunguliwe chote, kimwagiwe maji ya moto na kuanikwa juani. Dawa ya kunguni isipuliziwe mahali mtoto anapoweka mdomo. Godoro la zamani liachwe. Jipya la kipimo hicho haligharimu sana.

Mahali pa kukiweka chumbani pana uzito sawa na kitanda chenyewe. Kisiwe chini ya dirisha lenye kamba za pazia, wala karibu na soketi ambapo waya wa chaji ya simu huning'inia. Nguo za kazi zilizotoka kwenye nyumba za maua, ambazo huenda zina mabaki ya dawa, zitundikwe upande mwingine wa chumba. Majivu ya volkano yaliyofanya udongo wa Longonot huwa vumbi jepesi kiangazi na huingia kila penye ufa. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa mtoto akiwa amelala. Kaunti ya Nakuru, ambamo Naivasha imo, si eneo la malaria kali kama Busia au Kisumu, lakini mbu wa Ziwa Naivasha ni wengi Karagita na Kongoni. Neti kubwa inayofunika vitanda vyote viwili na kuchomekwa chini ya godoro la wazazi na miguuni mwa kijitanda ni bora kuliko ile ndogo ya mwavuli, ambayo fremu yake hairuhusu mkono wa mama kupita na ikianguka humfunika mtoto uso.

Sasa jiko. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Jiko la kauri linalotumika sana Kenya tangu miaka ya 1980 hupunguza makaa yanayohitajika, lakini haliondoi gesi hiyo. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yanayodhaniwa kuwa yamekufa, bado huitoa. Vifo vya familia zilizolala na jiko chumbani vimeripotiwa Kenya mara kwa mara msimu wa baridi, na mtoto mchanga, anayepumua haraka, huathirika mapema. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, kila usiku, bila kujali baridi. Hakuna kitanda kinachoweza kumkinga mtoto dhidi ya hewa ya chumba kizima.

Joto basi litoke kwenye nguo anazovaa mtoto. Kanuni ya kawaida ni kumvalisha tabaka moja zaidi ya lile linalomtosha mtu mzima katika chumba hicho: fulana, ovaroli yenye miguu, soksi, na juu yake mfuko wa kulalia. Mfuko huu ni vazi lenye tundu la shingo na matundu ya mikono, lililofungwa chini, ambalo mtoto hawezi kulipandisha usoni. Fundi wa cherehani anaweza kuushona kwa kitambaa cha flisi kwa muda mfupi. Tundu la shingo libane kiasi cha kichwa kutopenya ndani. Familia isiyo nao itumie blanketi moja jepesi, miguu ya mtoto ikigusa mwisho wa kitanda, blanketi likiishia chini ya makwapa na kuchomekwa pande zote. Chupa ya maji moto inaweza kupasha godoro kabla, ila iondolewe mtoto anapowekwa.

Kuna upande wa pili wa baridi unaosahaulika. Kwa kuogopa nimonia, watoto wa huku hufungwa kwa shali tatu, kofia na blanketi, kisha wakalazwa kati ya wazazi wawili. Joto la kupita kiasi nalo huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Mikono na miguu ya mtoto huwa baridi kwa kawaida na haitoi habari ya kuaminika. Kifua na kisogo ndivyo vya kugusa: vikiwa na jasho, apunguziwe nguo, vikiwa baridi, aongezewe. Kofia ya usiku ivuliwe chumba kikiwa na joto la kutosha, kwa kuwa mtoto hupoza mwili kupitia kichwa na kofia huteleza hadi puani.

Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo hesabu inabadilika. Huyo huhitaji ngozi ya mama, kwa njia ya kangaruu iliyoanza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kutumika leo katika hospitali za Kenya. Mtoto hufungwa wima kifuani, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, na mama hulala akiwa ameegemea. Huo ni utaratibu wa wauguzi na una masharti yake. Kitanda cha kando kinaanza kazi pale wanaposema mtoto amefikia uzito wa kutosha.

Familia isiyoweza kununua wala kuagiza kitanda bado ina njia. Finland imekuwa ikiwapa akina mama sanduku la karatasi ngumu lenye nguo na godoro dogo tangu mwaka 1938, na vizazi vya watoto vimelala ndani yake. New Zealand, ambako Wamaori walitaka kuendelea kulala na watoto wao, daktari David Tipene-Leach na wasusi wa kienyeji walileta katika miaka ya 2000 wahakura, kikapu kigumu cha majani ya kitani cha huko kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akawa nao lakini ndani ya mipaka yake. Kikapu cha mkonge cha kawaida hakifai, kwa kuwa kinalegea na kufuata uzito. Sanduku la mbao lisilo na mfuniko, lenye chini bapa na kuta za sentimita 20 hivi, likiwekwa sakafuni juu ya mkeka karibu na godoro la mama, linatosha. Katoni kutoka shambani lisitumike, kwa kuwa halijulikani limebeba nini.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchi nzima waliozinduliwa Septemba 2023, hutembelea nyumba zenye watoto wachanga. Mama anaweza kumwomba anayefika kwake atazame mahali mtoto anapolala, kama anavyotazama kijitabu cha kliniki.

Jambo moja zaidi linahusu akina mama walioajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara. Anaporudi kwenye maua, mtoto wake yuko katika umri uleule wa hatari kubwa, na mchana analala kwa mlezi au katika nyumba ya kulelea watoto pamoja na wengine. Mtoto aliyezoea kulala chali akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza huwa hatarini zaidi hata ya aliyezoea kulala hivyo. Mlezi aambiwe waziwazi, na ni vizuri aoneshwe kwa vitendo: chali, peke yake, juu ya godoro gumu, bila mto, bila leso usoni. Mapacha nao, nyumbani au kwa mlezi, kila mmoja alale pake.

Mtoto anapoanza kujisukuma kwa mikono na magoti, au kuketi, kizuizi cha sentimita 12 hakimzuii tena. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miezi 5 na 6. Wengine huwahi, na mwezi wa kalenda usisubiriwe. Huhamia kitanda cha kuta ndefu pande zote, chenye mwanya uleule wa fito na godoro lililoshushwa, ukingo ukiwa angalau sentimita 50 juu ya godoro hilo, ndani ya chumba kilekile. Kijitanda cha kando hufunguliwa, bolti na skrubu zikatiwa kwenye mfuko na kufungwa kwenye fremu, pamoja na kikaratasi chenye kimo cha kitanda kilichopimiwa, ili mama mwingine atakayekipokea ajue kama kitamfaa au kitahitaji kukatwa miguu.